Kasulu na Lewiston: tunapishana saa 7 au 8?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi niko Kasulu, Kigoma, na dada yangu anaishi Lewiston, jimbo la Maine, Marekani. Mwezi wa kumi nilikuwa nikimpigia saa 2 usiku, kwake saa 7 mchana, namkuta kwenye mapumziko ya chakula. Tangu Novemba nikipiga saa ileile hapokei. Anasema bado yuko kazini. Mimi najua tunapishana saa 7, mume wangu anasema 8. Nani sahihi? Na kwenye simu niweke ipi?

JIBU: Marahaba. Wote wawili mko sahihi, kila mmoja kwa msimu wake.

Tanzania iko saa 3 mbele ya saa ya kimataifa (UTC), mwaka mzima, na hatugusi mishale. Maine iko saa 5 nyuma wakati wa baridi na saa 4 nyuma wakati wa joto. Kwa hiyo baridi 3 na 5 ni 8, joto 3 na 4 ni 7. Wanasogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi, ikifika saa 8 usiku inakuwa saa 9 papo hapo, kisha wanairudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kwa mwaka 2026 ni Machi 8 na Novemba 1. Hicho ndicho kilichokuharibia simu zako: ukipiga saa 2 usiku sasa, Lewiston ni saa 6 mchana kamili. Piga saa 3 usiku mpaka Machi.

Kwa nini wao wahangaike na sisi tutulie? Lewiston iko mbali kaskazini. Mwezi Juni mchana wao unazidi saa 15, Desemba unashuka chini ya saa 9. Kasulu mchana haubadiliki sana, kusogeza saa kusingetusaidia kitu. Ingawa ninyi wa Kigoma mna lenu: kwa jua mngestahili saa ya Burundi, iliyo nyuma yetu kwa saa moja, ndiyo maana kwenu asubuhi bado kuna kiza wakati Dar kumeshaanza kupambazuka.

Sasa simu. Nakusihi usiweke namba, si 7 wala 8. Weka mji. Fungua programu ya Saa, ingia saa za dunia, ongeza New York. Lewiston huenda usiione kwenye orodha, lakini Maine yote inafuata saa ya New York. Simu itajigeuza yenyewe Machi ikifika. Nalisisitiza hili kwa sababu niliwahi kutengeneza mfumo wa kukumbusha watu vikao vyao na watu wa pwani hiyo ya Marekani, nikaandika ndani yake "ongeza 8". Ulifanya kazi vizuri majira yote ya baridi. Machi kikao cha saa 3 asubuhi ya kule kikawa saa 10 jioni ya huku, mfumo ukaendelea kusema saa 11. Watu waliingia vikao vikiwa vimekwisha. Nilibadilisha nikaandika jina la mji, na tatizo halikurudi.

Jingine mnapoandikiana ujumbe: dada akiandika "nipigie saa 8", ni saa 8 mchana ya Kiswahili au 8 ya kwenye kioo cha simu yake? Hapo kuna saa 6 zinapotea kabla hata hatujafika Marekani. Mkubaliane aandike 14:00, aongeze na mji: "14:00 Lewiston". Siku nayo aitaje. Sasa hivi wakati wa baridi, Jumapili saa 2 usiku yake ni Jumatatu saa 10 alfajiri yako, na umelala.