Kupunguza uzito wa Porsche 911 ya zamani: anza tezi (nyuma), si omo (mbele)

Kilo 40 za kwanza nilizotoa kwenye gari langu zililiharibu. Gereji sikujua, na mjini pia sikujua. Nilikuja kujua kwenye A8, barabara kuu ya huku Ujerumani ninakoishi, Jumapili alfajiri nikielekea mji wa Ulm, mwendo wa kilomita kama 190 kwa saa, nilipotoka kwenye kivuli cha miti upepo ukanipiga ubavuni. Usukani ulikuwa mwepesi kana kwamba magurudumu ya mbele yamepigwa jeki. Nikaupinda kidogo, gari likachelewa, kisha likaitika kwa pupa. Nikapunguza mafuta polepole, nikaingia kituo cha mapumziko kilichokuwa mbele yangu, nikakaa na kahawa mpaka mikono ikatulia.

Gari lenyewe ni 911 SC ya mwaka 1982. Nililinunua 2011, kabla bei hazijapanda hadi mahali ambapo mtu wa mshahara kama mimi hasogei. Injini ya lita 3.0, silinda sita zilizolala, nguvu za farasi 204, inapozwa kwa hewa, na imening'inia nyuma ya ekseli ya nyuma. Hapo penye neno "nyuma ya ekseli" ndipo mambo yote ya makala hii yanapoanzia. Naandika kwa sababu kila mwezi napata swali lile lile kutoka kwa Waswahili wenzangu waliopata 911 ya zamani, au ndugu yake wa kimaskini, Beetle ya Volkswagen: nikitaka gari liwe jepesi, nianze kutoa nini?

Mimi nilianza na vilivyokuwa rahisi kutoka. Tairi la akiba na pampu yake, kilo kama 15. Betri ya kawaida nikaitoa nikaweka ya lithiamu, nyingine 15. Mfumo wa AC ulikuwa umekufa siku nyingi, kwa hiyo nikafungua mabomba yake na rejeta yake ndogo iliyokaa mbele. Kompresa yake nikaiacha. Bolti moja ilikuwa imeganda kwa kutu, spana ikateleza mara mbili, ngozi ya kidole ikabaki kwenye chuma, nikasema basi, hiyo nitaimaliza siku nyingine. Nikalipeleka gari kwenye mizani ya malori: 1,160 badala ya 1,200. Mizani ile hupanda kwa hatua za kilo 20, lakini nilifurahi kama aliyepata mtoto.

Tazama vizuri nilichofanya. Tairi la akiba liko mbele. Betri iko mbele. Mabomba niliyofungua yalikuwa mbele. Kompresa, ambayo ni donge la chuma lililokaa juu ya injini, ndiyo niliyoiacha nyuma.

Babu yangu alikuwa nahodha wa jahazi, na lau angekuwa hai angenicheka. Jahazi tupu huwekewa farumi, mawe au mchanga tumboni, na nahodha anayeijua kazi yake haulizi tu farumi ni kiasi gani. Anauliza imekaa wapi. Ukilundika mzigo tezini, omo inanyanyuka, na chombo kilichonyanyua omo hakishiki njia. 911 ni jahazi lililopakiwa tezi tangu siku liliyoundwa, na kiwanda chenyewe kilijua. Magari ya miaka ya 1960 yalipoanza kuwatupa watu nje ya kona, wahandisi walificha vyuma vizito ndani ya bampa ya mbele, kilo 11 kila upande. Hiyo ni farumi kabisa. Baadaye, kwenye magari ya modeli ya 1969, magurudumu ya nyuma yalisogezwa nyuma kwa milimita 57, na betri ikagawanywa kuwa mbili, moja kila pembe ya mbele. Halafu mimi nikaja, kwa bisibisi na bidii, nikaanza kutengua kazi yao.

Mzee mmoja Mjerumani mwenye gereji jirani, aliyeshika magari haya ujana wake wote, alinisikiliza bila kusema kitu. Akaenda kuleta mizani yake minne ya bapa, ile ya kuweka chini ya kila gurudumu. Mbele: 452. Nyuma: 708. Hiyo ni asilimia 39 mbele, wakati gari la aina hii likiwa zima huwa na 41 hivi. Utasema asilimia mbili si kitu. Kaa nyuma ya usukani kwenye upepo kisha uniambie.

Tukaifungua kompresa siku ile ile. Alikuwa na mafuta ya kupenyeza na subira ambayo mimi sina. Aligonga kichwa cha bolti kwa nyundo ndogo, tik tik tik, akasubiri, akagonga tena, nusu saa nzima, mpaka ikalegea kwa sauti kama ya mfupa. Tukatoa na kishikizo chake, na rejeta ya pili ya AC, ile iliyofungwa chini ya kifuniko cha injini. (Kama AC yako bado ina gesi, mpelekee mwenye mashine aifyonze. Gesi ya zamani inakula tabaka la ozoni, na hapa kuiachia hewani ni kosa kisheria.) Jumla ilikuwa kilo 20 hivi. Tukalishusha gari kwenye mizani tena, na hapo nikaona jambo ambalo sijalisahau: mbele kulikuwa kumeongezeka kilo nne, na hatukuwa tumeweka kitu.

Ni nyenzo tu, kama bembea ya watoto. Kitu kinachoning'inia nusu mita nyuma ya ekseli kinaielemea ekseli hiyo kuliko uzito wake chenyewe, na ile ziada kinaichukua mbele. Ukikitoa, mbele kunarudishiwa haki yake. Ndiyo maana kilo moja iliyotoka kwenye bampa ya nyuma au egzosi ina thamani ya kilo kadhaa zilizotoka kwingine. Na faida nyingine iko kwenye kona. Mkia mzito ukianza kuyumba hautaki kusimama, na ukiondoa mguu kwenye mafuta ghafla katikati ya kona uzito unakimbilia mbele, tairi za nyuma zinapoteza mshiko, mkia unakuja kukusalimu dirishani. Mkia mwepesi unasamehe kidogo. Kidogo, sikusema unasamehe kabisa.

Kwa hiyo utaratibu wangu sasa ni huu: AC iliyokufa kwanza, na sehemu zake za nyuma kabla ya za mbele. Kisha egzosi, maana bomba la kiwandani ni zito sana na limekaa mwisho kabisa wa gari. Kisha kifuniko cha injini cha faiba. Hapo kuna mtego: vile vijiti vya gesi vinavyoshikilia kifuniko vimepimiwa chuma. Ukiviacha vyote viwili vinakisukuma kifuniko chepesi mpaka kinapinda, na mwanya unaonekana pembeni. Mimi nilibakiza kimoja. Baadaye ndiyo viti vya nyuma na lami ya sakafu. Bampa ya mbele sijaigusa na sitaigusa. Betri ya lithiamu nimeiuza, nikarudisha ile nzito mahali pake kwenye pembe ya mbele kushoto. Mke wangu aliuliza kama ni kweli nimelipa pesa ili gari liwe zito. Nikamwambia ndiyo.

Kuhusu hiyo lami. Sakafu imepakwa tabaka nene la kuzuia kelele, na watu huiondoa kwa hita na kikwangulio cha rangi, kazi ya kunata na kunuka wiki nzima. Tumia barafu kavu. Inauzwa kwa kilo, ina baridi ya nyuzi 78 chini ya sifuri, na ukiimwaga juu ya lami ukasubiri dakika chache utasikia inaanza kupasuka yenyewe. Hapo unagonga kwa patasi butu, inatoka vipande vipande kama magamba ya chaza. Vaa glavu nene, na milango yote iwe wazi, ya gari na ya gereji: ile ni kaboni dioksidi inayojaza chini na kusukuma nje hewa unayovuta. Nilitoa ndoo nzima, halafu kwa mara ya kwanza nikasikia gia zangu zinavyolia. Ukiwa na safari ndefu na mke, iache lami.

Vioo vya plastiki siwashauri. Vinakwaruzika, na visivyo na alama ya kuidhinishwa havipiti TÜV, ukaguzi wa magari wa Ujerumani.

Sasa upepo, kwa sababu nilirudia kosa lile lile. Nilipenda ule mkia wa bata tangu utotoni, ule uliowekwa kwenye 911 Carrera RS 2.7 ya mwaka 1973, basi nikaagiza kifuniko chenye mkia huo. Kwanza tuelewe unafanya nini. Paa la 911 linashuka taratibu mpaka bampa ya nyuma, na upepo unaufuata mgongo huo bila kuachia. Aliyepanda ngalawa anajua kwamba tanga halisukumwi tu na upepo, linavutwa na upepo unaopita upande wake uliobinuka. Mgongo wa gari hili ni tanga lililolazwa: upepo unapita juu yake na kulinyanyua. Mvuto huo hukua kwa mraba wa mwendo, yaani kutoka 100 hadi 200 kwa saa unakuwa mara nne. Wahandisi Hermann Burst na Tilman Brodbeck walilishughulikia mwaka 1972 kwa ukingo mfupi uliosimama kwenye kifuniko cha injini. Upepo ukikuta ukingo unaachia mgongo mapema, mnyanyuo unapungua, na kwenye RS mwendo wa juu kabisa uliongezeka kwa kilomita 4.5 kwa saa. Kitu kinachoonekana kama kizuizi kikaongeza mwendo.

Nilitaka kuona kwa macho. Nikakata nyuzi za sufi za urefu wa kidole, nikazibandika kwa utepe kwenye kioo cha nyuma na kifuniko, rafiki akaendesha gari lake njia ya pili huku mkewe akinipiga video kwa simu. Bila mkia, nyuzi zote zimelala zikielekea chini mpaka mwisho wa kifuniko, kama nywele zilizochanwa. Na mkia, za juu zinalala, zile zilizo karibu na ukingo zinasimama na kucheza ovyo. Video ya sekunde 40, na ilinifundisha kuliko miaka ya kubishana na watu.

Ila nyuma ilipokandamizwa, mbele ikawa nyepesi tena. Ni ile ile A8, na usukani ule ule wa jeki. Kiwandani SC iliyoagizwa na mkia ilipewa pia mdomo wa mpira chini ya bampa ya mbele, na mimi nilikuwa nimenunua mkia peke yake kwa sababu ndio unaopigwa picha. Mdomo ule ni rahisi, unafungwa kwa skrubu jioni moja, na unapunguza upepo unaoingia chini ya gari na kulinyanyua. Nikashusha na pua sentimita moja na nusu kuliko nyuma, kisha nikapima upya pembe za magurudumu, maana ukibadili urefu zote zinahama. Usizibe tundu za kifuniko ili kulainisha upepo: feni ya injini inavuta hewa yake humo.

Leo gari lina kilo 1,110, mbele 468, nyuma 642. Asilimia 42 iko mbele. Hapo nimesimama. Ukutani gereji nimebandika picha ya gazeti ya Safari Rally ya 1978, ambapo Vic Preston Jr. alimaliza wa pili kwa 911 SC iliyoinuliwa sentimita 28 kutoka ardhini na kukingwa chini kwa mabati. Gari lile lilikuwa zito kuliko langu, na kwa barabara zile lilistahili.

Kama bado unasita, kuna jaribio la bei ya bure. Jaza mchanga kilo 20 kwenye mfuko, ufunge vizuri kwenye buti la mbele, uendeshe njia unayoijua. Siku ya pili uweke nyuma, kwenye viti vya watoto. Fanya hivyo tangi la mafuta likiwa nusu, maana liko mbele na lina lita 80, karibu kilo 60 likijaa. Mwili utakuambia kabla hujanunua chochote. Mfuko wangu bado upo mlangoni mwa gereji. Msimu wa baridi nauchota mchanga wake kwa kopo na kuumwaga kwenye barafu ya ngazi, na kila mwaka unazidi kuwa mwepesi.