Muulize Mzee wa Karakana: Tujitoe au tubaki?

SWALI: Salamu, mzee. Sisi ni wanafunzi wanne wa uhandisi wa mitambo, mwaka wa tatu, hapa Kisumu. Tumeingia shindano la kubuni kikaushio cha omena kinachotumia jua. Chetu kina fremu ya bomba la mraba, miguu minne ya mita 1.6, trei tatu za wavu, na nailoni pande zote ili joto lisitoroke. Wiki jana tumeona orodha ya washindani: nusu ni mainjinia waliosajiliwa, wana ofisi na programu za kompyuta ambazo sisi tunaziona kwenye picha tu. Wenzangu wawili wanataka tujitoe. Tufanyeje?
– Mwaka wa Tatu, Kisumu

JIBU: Bakini, mwanangu. Ila waulize waandalizi kama majaji watayaona majina ya washindani. Mwaka 1981 huko Marekani kulikuwa na shindano la kubuni mnara wa kumbukumbu ya wanajeshi waliopigana Vietnam. Michoro 1,421 ilipangwa kwa nambari, bila majina, na ulioshinda ukawa wa Maya Lin, mwanafunzi wa Yale mwenye miaka 21. Yeye alisomea usanifu majengo, na ukuta wa mawe aliouchora haukaushi samaki, najua.

Mimi mainjinia hawanitishi. Inanitisha hiyo miguu ya mita 1.6. Bomba la mraba dukani huuzwa la mita 6. Ukikata 1.6 unapata miguu mitatu, halafu unanunua bomba la pili kwa sababu ya mguu mmoja. Punguzeni sentimita 11 tu: bomba moja litatoa miguu yote minne, na msumeno utabakiwa na nafasi ya kula. Injinia aliyewahi kugombana na mteja juu ya bei huliona hilo kabla hajakaa kitini. Hapo ndipo atakapowapiga, wala si kwenye kompyuta.

Na hiyo nailoni! Mkifunga pande zote, maji yanayotoka kwenye samaki yataenda wapi? Yatakwama humo humo, omena ipikike badala ya kukauka. Acheni mwanya chini upande mmoja na mwingine juu upande wa pili, hewa ya moto ipande ikitoka na unyevu wake. Wavu mdogo wa kuzuia nzi msisahau.

Nikiwa na umri wenu nilichora giaboksi ya mashine ya kusaga mahindi, kwa kipimo halisi, mistari safi kama ya kitabuni. Mzee mmoja wa karakana akachukua spana namba 17, akailaza juu ya karatasi kwenye bolti niliyoiweka konani, akajaribu kuizungusha. Ikagonga ukuta wa giaboksi. Hakusema neno. Alinirudishia mchoro pamoja na spana.

Kwa hiyo kabla ya kuwasilisha, pelekeni mchoro kwa mchomeleaji wa jua kali pale Kibuye, mumwachie auchekelee. Kisha Jumamosi moja nendeni ufuoni mkawakute akina mama wanaoanika omena. Ulizeni wanageuza mara ngapi, mvua ikija ghafla wanakimbilia wapi, na kama trei ya juu wataifikia bila kupanda ndoo. Mainjinia wengi shindano kama hili hulifanya usiku, baada ya kazi; Jumamosi hiyo hawana.

Kwenye bango lenu msitie “Eng.” mbele ya majina, hata kwa mzaha. Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011 inamkataza asiyesajiliwa kujiita hivyo, na washindani wenu wamesajiliwa, wataliona kwanza.

Hao wawili wanaotaka kujitoa, watume kesho asubuhi wakaulize bei ya bomba.