Iwashe Ikiwa Baridi: Fundi wa Dizeli Anajibu

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mkulima wa viazi mviringo, nipo nje kidogo ya Makambako. Msimu huu nimeweka kando Sh milioni 18. Nataka pikapu ya dizeli ya kunitolea viazi shambani hadi barabara kuu, na siku mojamoja nishuke nayo Iringa. Dalali amenionyesha Hilux mbili. Moja ni namba B (imesajiliwa mapema kuliko namba C), injini ya 3L, rangi imepauka na mlango wa kushoto umepakwa kwa brashi. Anataka milioni 15. Nyingine ni namba C, injini ya D-4D ya lita 2.5, inang'aa, viti vipya, ukikanyaga mafuta inaruka. Hiyo anataka 18 kamili, na anasema kuna mtu anakuja kuichukua Jumamosi. Moyo wangu upo kwenye hiyo ya pili. Nichukue ipi? — Msomaji, Makambako

JIBU: Marahaba mwanangu. Huyo mtu wa Jumamosi mwache aje. Kila gari bovu nililowahi kufungua, mwenyewe aliambiwa kuna mtu anakuja.

Tuanze na pesa. Ukiwa na 18 ukanunua gari la 18, siku ya kwanza tu huna pesa ya gari. Dizeli iliyotumika, hata iwe nzuri vipi, miezi mitatu ya mwanzo itakudai: oili na filta zote, mkanda wa taimingi kama hakuna anayejua ulibadilishwa lini, betri (injini ya dizeli inataka betri kubwa, ile ya gari dogo haitaiamsha asubuhi ya Julai huko kwenu), brek, pengine na springi za nyuma. Watu wangu huwaambia hivi: katika kila shilingi tano, moja ibaki nyumbani. Kwako hiyo ni kama milioni tatu na nusu. Kwa hiyo gari lako ni la milioni 14 na kitu: la 15 mwombe dalali ashushe kidogo, na la D-4D limekwisha kutoka mezani kabla hatujafungua boneti.

Lakini nataka ujue na sababu ya ndani, maana moyo ukishapenda haukubali hesabu peke yake. Nimefanya kazi ya pampu na nozo, zile zinazopuliza dizeli ndani ya silinda, miaka 26. 3L ni jina tu, si lita tatu: ni injini ya cc 2,779, haina turbo (feni ya kushindilia hewa kwenye injini), pampu yake inazungushwa na mkanda na inasukuma dizeli kwa nguvu ya vyuma vyenyewe. Nozo zake zinafunguka kwa shinikizo la baa mia na kitu tu. Nikizitoa nazifunga moja moja kwenye mashine ya mkono, navuta mpini. Nozo nzima inakata kwa mlio mkavu, krr, na dizeli inatoka ukungu mwembamba sawa pande zote. Nozo iliyochoka inakojoa: tone linabaki limening'inia kwenye ncha, na tone hilo ndilo moshi mweusi unaouona nyuma ya gari, ndilo kugongagonga asubuhi, ndilo linalotoboa pistoni likiachwa. Nabadilisha ncha, napima tena, na jioni unaondoka na gari lako.

D-4D ni kitu kingine. Pale dizeli inakaa kwenye bomba moja kwa shinikizo la zaidi ya baa 1,000, na kompyuta ndiyo inaamua kila injekta ifunguke lini na kwa muda gani. Nafasi iliyomo kati ya chuma na chuma ndani ya injekta ni ndogo kuliko unywele, kwa hiyo maji kidogo au uchafu usiouona kwa macho unatosha kuiua. Ikifa moja, tatu zilizobaki zimeshakula dizeli ileile. Na injekta nyingine ukishazifunga lazima namba zake ziingizwe kwenye kompyuta ya gari, kazi ambayo fundi wa kijijini hana chombo chake. Kuna pia uchakachuaji, yaani dizeli kuchanganywa na mafuta ya taa, uliofanya serikali ipandishe kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011. Mafuta ya taa hayalainishi pampu kama dizeli. Nani ajuaye gari hilo lilinyweshwa nini?

Simaanishi D-4D ni injini mbaya. Ni nzuri, inakula kidogo kwa kazi inayofanya, na huko juu ambako hewa ni nyepesi turbo inasaidia kweli. 3L ikibeba gunia 12 za viazi kwenye mwinuko itakwenda taratibu na itatoa moshi. Ungekuwa na milioni 25 na gereji yenye mashine ya kupima injekta iko jirani, tungeongea lugha nyingine.

Sasa, usiinunue hata hiyo 3L kwa sababu mimi nimeisifia. Mwambie dalali unakuja saa 12 asubuhi na gari lisiguswe. Ukifika, kabla ya salamu kuwa ndefu, weka kiganja kwenye injini. Ikiwa ya moto, aga, rudi kesho. Dizeli iliyopashwa moto inaficha maradhi yake yote. Baridi ndiyo inayosema kweli.

Ikiwa baridi, fungua mfuniko wa rejeta. Utando wa mafuta juu ya maji, au maji ya rangi ya kutu matupu, ni dalili mbaya. Chomoa stiki ya oili. Usiogope weusi, oili ya dizeli inakuwa nyeusi siku ileile uliyoiweka. Ogopa ikiwa kama chai ya maziwa, au imezidi alama na inanuka dizeli. Kisha washa, mwenzako akiwa amesimama nyuma kwenye bomba la moshi. Taa ya hita, ile ya kupasha silinda, iwake, izime, ndipo upige starta. Moshi mweupe wa nusu dakika kwenye baridi ya Makambako ni kawaida. Ukiendelea na kuchoma macho, ni dizeli isiyoungua: nozo, hita, au mgandamizo umepungua. Wa bluu ni oili. Dakika mbili baadaye shika bomba la juu la rejeta: likiwa limekaza kama tairi wakati maji bado ya baridi, gesi ya moto inapenya kwenye maji, na hapo gasketi au silinda hedi yenyewe imekwisha.

La mwisho, fungua kifuniko cha oili huku injini inaunguruma, kigeuze ukilaze juu ya tundu. Kikitulia, au kikitikisika kidogo, ringi za pistoni bado zipo. Kikirukaruka na moshi unapuliza kama birika, mshukuru dalali, nenda zako.

Kuna jambo moja zaidi, na hili limenigharimu mwenyewe. Mwaka 2009 nilinunua gari la dizeli lenye turbo kwenye yadi moja Dar es Salaam. Mimi, fundi. Injini ilikuwa imeoshwa inameremeta, iliwaka vizuri, nikalipa. Kwenye mlima wa Kitonga, nusu ya njia, mshale wa joto ukapanda kama mtu anayeusukuma kwa kidole, mvuke ukatoka. Nilikaa pembeni ya barabara na mke wangu na mtoto mchanga kuanzia saa 9 alasiri hadi usiku, malori yakitupita. Tulipoifungua injini huko gereji nikakuta hedi imepasuka kati ya valvu, zamani, na thamostati haipo. Waliiondoa ili maji yazunguke muda wote, na kwenye majaribio ya mjini mshale usipande. Tangu siku hiyo kila gari ninaloletewa naangalia kama linachelewa kupata joto. Likienda kilomita kumi na mshale bado umelala, natoa boliti mbili za nyumba ya thamostati na kuchungulia. Wewe mwombe dalali upakie gunia kumi, panda nalo mlima wa karibu kwa gia ya tatu, na macho yasitoke kwenye mshale. Akikataa, amekujibu.

SWALI: Mimi ni mwalimu, naishi Dodoma, kazini ni kilomita 6. Nataka kuagiza Mazda CX-5 ya dizeli kutoka Japani kwa sababu nasikia haili mafuta. Unashauri nini? — Mwalimu, Dodoma

JIBU: Mwalimu, kwa kilomita 6 chukua ya petroli. Ile 2.2 ya dizeli ina chujio la masizi kwenye bomba la moshi, na chujio hilo linajisafisha kwa kuyachoma, jambo linalohitaji injini ipate moto na safari iendelee. Wewe utafika shuleni kabla haijamaliza. Kila inapojaribu, dizeli ya ziada inamwagwa kwenye silinda na nyingine inateremka kwenye oili. Ndiyo maana stiki ya oili ya gari hilo ina alama ya X juu ya alama ya kujaa: oili ikipanda hadi hapo, imechanganyika na dizeli na inatakiwa imwagwe. Kwa anayekwenda Singida na kurudi kila wiki ni gari zuri sana. Kwako utaokoa senti kituoni na kulipa noti gereji.

SWALI: Muuzaji ananipa kadi ya gari na mkataba wa mwanasheria, ila jina la kwenye kadi ni la mtu mwingine, ambaye muuzaji anadai ndiye aliyemuuzia yeye gari. Ana haraka. Nilipe? — Msomaji, Morogoro

JIBU: Usilipe. Jina libadilishwe TRA (mamlaka ya mapato) kutoka kwa aliye kwenye kadi, naye awepo au apatikane. Angalia pia kama gari lina faini za barabarani na deni la maegesho la TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini), maana hayo yanafuata namba ya gari, hayamfuati dereva. Na kama ni Hilux, chukua kitambaa na mafuta kidogo, inama kwenye gurudumu la mbele la kulia, futa chasisi upande wa nje mpaka namba itokee, uisome herufi kwa herufi ukilinganisha na kadi. Ukiona pamesuguliwa na kupakwa rangi mpya mahali hapo tu, rudi nyumbani na pesa zako.