Dodgers wanaanzia ugenini Toronto, tuogope nini?

SWALI: Mambo vipi kaka mhariri, mimi Dodgers damu, ile timu ya besiboli ya Los Angeles, niko Tabata. World Series, fainali ya besiboli ya Marekani, inaanza Ijumaa hii tarehe 24 Oktoba 2025 na tunaanza na mechi mbili ugenini Toronto, sasa sisi si ndo mabingwa wa mwaka jana, kwa nini tusianze kwetu? Alafu huyo dogo Yesavage anayeanza kurusha mechi ya kwanza katokea wapi? Naomba uchambuzi wa mapitcha (warushaji).

JIBU: Poa sana. Ubingwa wa mwaka jana hauhesabiwi hapo, wanaangalia rekodi ya msimu, Toronto walishinda mechi 94 nyie 93, basi. Ndo maana mechi ya 1 na 2 ziko Rogers Centre, uwanja wa Toronto, 3 mpaka 5 Los Angeles, zikifika 6 na 7 mnarudi tena kwao.

Trey Yesavage wa Toronto ana miaka 22, mwezi wa nne alikuwa ligi za chini huko Dunedin, ligi kuu kaingia Septemba tu, na mwezi huu Yankees wa New York kawarushia ining (zamu) tano na ushee bila hit (pigo la kumfikisha mpigaji besi) hata moja, straikiauti (mpigaji katolewa bila kuuweka mpira mchezoni) 11! Silaha yake ni splita, mkono anaupandisha juu sana, mpira unakuja kama fastbol (mpira wa kasi) kabisa, mpigaji ashaanza kuzungusha gongo ndo unazama chini ya magoti. Wapigaji wenu Ohtani na Freeman wakivumilia wakaziacha hizo za chini, itabidi arushe katikati, na hapo atapigwa.

Pitcha wenu wa mechi ya kwanza, Blake Snell, yuko moto, kule Milwaukee tarehe 13 ining 8, hit moja, straikiauti 10. Ila mimi nahofia idadi ya mipira atakayorusha, maana Toronto ndo timu iliyokula straikiauti chache kuliko zote msimu huu, wanagusa tu, faulo (mpira unatoka nje ya mistari), faulo, faulo tena, unashangaa mpigaji mmoja kala mipira tisa. Snell akitoka mapema, mpaka kumfikia Roki Sasaki wa kufunga mechi lazima mpite katikati ya bulpeni (mapitcha wa akiba), na bulpeni yenu mwaka huu imewatesa. Ining ya tatu ikiisha angalia hesabu ya mipira aliyorusha, akiwa chini ya 50 tulia, akikaribia 65 hiyo mechi ni ya Toronto.

Mechi ya pili ni Yamamoto wenu na Kevin Gausman wa Toronto, hapo nawapa nyie. Yamamoto Milwaukee kamaliza mechi nzima mwenyewe, hit 3, ran (pointi) 1, bulpeni ilikaa tu. Utabiri wangu mnaondoka moja moja. Kwa saa za huko nyumbani ni kama saa tisa usiku kuamkia Jumamosi, weka alamu.

SWALI: Kaka habari, niko Scarborough, Toronto, hapa ni Blue Jays tu, timu yetu. Kwenye nusu fainali Seattle wametupeleka mpaka mechi ya saba Jumatatu, Dodgers wamepumzika tangu tarehe 17, si tutakuwa tumechoka?

JIBU: Nzuri dada yangu. Mapumziko yanawasaidia mapitcha, lakini mpigaji akikaa wiki nzima bila mechi macho yanapoa kabisa, na Dodgers wanakuja kukutana na splita ambayo hawajawahi kuiona. Wenu wako moto, Guerrero ana homurani (pigo la kuvuka uzio wa uwanja) 6 tangu mtoano uanze, Springer ndo huyo aliyewamaliza Seattle Jumatatu kwa homurani ya ran tatu. Mechi ya kwanza naipeleka kwenu, na sababu kubwa ni hiyo.