Huyo kuku analalia au anaumwa? Mi nilichanganya nikabaki na kuku saba

Mwaka juzi mwezi wa nane nilikuwa na kuku 34, wa kienyeji wote, banda lipo nyuma ya jiko hapa Kihonda Morogoro, mabanzi na wavu na bati tatu. Mwezi wa tisa haujafika katikati nina kuku saba. Na mwanzo wa balaa lote niliuona kwa macho yangu, tena nikaufurahia, ndo kinachoniuma mpaka leo.

Ilikuwa hivi. Kuna mtetea mmoja mweusi nikaanza kumuona hatoki. Wenzie wakifunguliwa asubuhi wanagombania mlango, yeye yupo kwenye kona, kajikunyata, manyoya kayafutua, chakula hana habari nacho. Nikasema aah huyu keshamaliza kutaga sasa anataka kulalia. Nikamwambia mwanangu asimsumbue, nikaenda ndani nikachukua mayai tisa niliyokuwa nayatunza kwenye bakuli nikampangia. Akawa anayaangalia tu. Yai moja likabaki nje kabisa pembeni ya mguu wake, usiku kucha, asubuhi nalikuta pale pale nikasema labda hajazoea, ndo mara yake ya kwanza. Siku ya tatu ana kinyesi cha kijani kimempaka mkiani, bawa moja linaburuta, na shingo imeanza kujinyonga kurudi mgongoni.

Mdondo huo. Wengine mnaita kideri, kitabuni ni Newcastle, jina la mji wa Uingereza ulikotambuliwa miaka ya 1920. Ni virusi, na virusi hivi havina dawa, nasema tena havina dawa, kwasababu mi nilikimbia duka la dawa za mifugo nikauziwa antibayotiki ya unga nikaambiwa weka kwenye maji siku tano watapona, nikaweka, na mshubiri nikakamua, na pilipili kichaa jirani alishauri nikatwanga. Walikufa na mshubiri wao tumboni. Wale saba waliobaki hawakubaki kwasababu ya mshubiri, walibaki kwasababu walibaki.

Sasa watu wengi wanaandika kuhusu magonjwa peke yake, halafu kulalia peke yake, kama vile ni mambo mawili yasiyojuana. Kwenye banda la nyumbani yanachanganyika kila siku. Kuku anayelalia na kuku anayeumwa ukiwatazama kwa mbali wanafanana kama mapacha, wote hawatoki, wote wamefutuka, wote hawali. Hata upanga wa kichwani usikudanganye, kuku anayelalia nae upanga wake unapauka na kusinyaa kidogo, kwahiyo ukisema mbona upanga sio mwekundu basi anaumwa, unaweza ukamtoa bure kwenye mayai yake.

Mi siku hizi naanza na yai. Nachukua yai moja naliweka mbele yake, karibu na kifua, sio chini yake. Anayelalia kweli atalivuta. Anashusha mdomo, analiingiza chini taratibu kwa kidevu hivi, halafu anajitikisa kulikalia vizuri. Mgonjwa analiangalia kama wewe unavyoangalia bili ya umeme. Halafu namgusa. Anayelalia ana hasira bwana, anavimba, anatoa sauti ile ya kukoroma, anadonoa mkono na hana utani. Mgonjwa unamnyanyua anakuja tu, macho kafumba, mwepesi kama gunia tupu.

Ukiwa bado una wasiwasi mtoe nje mweke chini, mmwagie punje za mahindi. Anayelalia atakaa vile vile kwanza kama kalewa, dakika moja mbili, halafu anashtuka anakula mbio mbio, anakunywa maji, anajigaragaza kwenye vumbi, na kinyesi atakachoachia hapo jamani ni donge kubwa kama la bata na harufu yake jirani atauliza, ni kwasababu anakibana siku nzima asichafue kiota. Hiyo ni kawaida kabisa usiogope. Mgonjwa yeye kinyesi ni majimaji, kijani au cheupe kama chokaa, na hukuti donge, unakuta kimeganda kwenye manyoya ya nyuma. Na mahindi anayaangalia tu.

Haya, umegundua ni mgonjwa. Mtoe hapo hapo, usisubiri jioni. Tenga lake mbali na banda, maji yake, chombo chake, na wewe unahudumia wazima kwanza mgonjwa mwisho, halafu unanawa na zile kandambili ulizoendea kwa mgonjwa haziingii bandani. Hiyo ya kandambili nilikuwa naona ni mambo ya wazungu mpaka nilipofikiria kwamba mdondo unatembea kwenye kinyesi, na kinyesi kinakaa kwenye kandambili. Anayekufa mfukie shimo refu au mchome. Usimchinje haraka haraka umpeleke sokoni "kabla hajafa", najua hela inauma, lakini ndo hivo ugonjwa unavyosafiri toka kijiji hiki mpaka kile kwenye matenga juu ya basi. Na wakifa wengi kwa ghafla mwite afisa mifugo wa kata, usikae nao kimya, kwasababu mdondo na mafua ya ndege kwa macho tu huwezi kuvitofautisha.

Kwangu uliingiaje? Zawadi. Tulitoka msibani kijijini tukapewa kuku wawili, tukafika saa tatu usiku tumechoka nikawafungulia bandani moja kwa moja. Wiki haijaisha. Siku hizi kuku mgeni analala stoo wiki mbili, mama mkwe alicheka sana kwamba nina kuku wa karantini, mwache acheke.

Chanjo ndo kila kitu kwa mdondo. Kwa kuku wa kienyeji wengi tunatumia I-2, inatengenezwa hapa hapa nchini, inavumilia joto kuliko zile nyingine lakini haimaanishi uiache juani, ibebe kwenye kitu cha baridi na usiipitishe muda wake. Ni tone moja kwenye jicho moja, unamlaza kichwa upande, unadondosha, unasubiri apepese ndo unamwachia, usipomsubiri anatikisa kichwa tone linaishia kwenye nguo yako. Unarudia kila baada ya miezi mitatu, mi nimeandika kwenye kalenda ya ukutani mwezi wa kwanza, wa nne, wa saba na wa kumi, na tunachanja usiku wakiwa wamelala, mmoja anashika tochi ya simu mwingine anadondosha. Kinga haiji siku hiyo hiyo, hesabu kama wiki mbili, kwahiyo usisubiri usikie kwa jirani wanakufa ndo ukimbilie chanjo.

Na hapa kuna kosa naliona kwa watu wengi na mi nililifanya: yule anayelalia anarukwa. Unamuonea huruma, unasema atavuruga mayai, nitamchanja akishatotoa. Akishatotoa ana vifaranga unasema wakikua kidogo. Mwisho wa siku una kuku mmoja hana kinga kwa miezi sita na huyo ndo mama wa kizazi chako kijacho. Mchanje hapo hapo alipokaa, ni sekunde kumi, atakudonoa, halafu atarudi kwenye kazi yake. Vifaranga nao I-2 wanapewa, tone lile lile.

Kulalia sasa. Kosa langu la pili lilikuwa upande wa pili kabisa, safari hii kuku alikuwa analalia kweli na nikamuacha kwa heshima zote, sikumgusa, sikumchungulia. Ni yule shingo wazi tunamwita Kishingo. Siku ya 16 nakuta kashuka, kasimama nje ya kiota, mayai yamepoa nusu. Nikakasirika nikasema huyu mama gani. Nikaingiza mkono kwenye majani nichukue mayai, kufumba na kufumbua mkono wote unatembea. Utitiri! Wadogo kama punje ya ugoro, wengine wekundu kwa damu waliyoshiba. Wale mchana wanajificha kwenye nyufa za mbao na chini ya majani, usiku ndo wanapanda kunyonya, na kuku anayelalia hakimbii, amekaa pale siku 21, yaani umewawekea chakula mezani. Kishingo alikuwa amenyonywa mpaka mdomo ndani ni mweupe. Hakususa mayai yule, alikuwa anaokoa maisha yake.

Mayai nikayahamishia kwa mwingine aliyekuwa analalia, kumi na moja, wakatoka sita. Kishingo nilimpulizia dawa ya unga chini ya mabawa na nyuma, nikamlisha vizuri, alikaa zaidi ya mwezi ndo akaanza kutaga tena.

Kwahiyo sasa kabla sijampa kuku mayai nafanya hivi, kiota kizima natoa majani yote nachoma, nyufa za mbao napaka mafuta ya taa naacha yakauke siku mbili harufu iishe, naweka majani mapya makavu na majivu chini yake. Kuku mwenyewe nampaka dawa ya unga ya kuku, ya kuku nasema, sio ile ya nyanya mnayopewa na shemeji shambani, ile inaua wadudu na kuku na wewe mwenyewe utakayemla. Halafu kila siku mbili tatu usiku napita na tochi naangalia nyufa. Na chakula na maji viwe karibu asitembee mbali. Mayai kumi mpaka kumi na tatu yanatosha kutegemea na mwili wake, nayawekea alama ya mkaa ili wenzie wakija kumtagia juu niyajue nitoe, na siku ya saba usiku namulika kwa tochi, lenye mishipa linabaki, lililo jeupe tupu linatoka kabla halijawa viza likapasuka likachafua mengine.

Sio kila anayetaka kulalia umruhusu. Aliyekonda hapana. Aliyetoka kuumwa hapana. Wanne kwa mkupuo kwenye banda dogo hapana. Bibi yangu alikuwa anamtumbukiza kuku kwenye ndoo ya maji, na wengine wanamtoboa pua wanapitisha nyoya, hiyo ya nyoya achaneni nayo jamani ni kidonda tu na kidonda ni mlango wa magonjwa. Mi ninachofanya ni tenga juu ya matofali manne, chini wazi hewa inapita, ndani hakuna jani wala kitu cha kukalia, ila maji na chakula vipo vya kutosha. Anachotaka yeye ni joto la tumboni, akikosa joto siku tatu nne anasahau. Ukimuwahi siku ya kwanza au ya pili ni rahisi, ukimchelewesha wiki atakusumbua. Na okota mayai kila siku jamani, ukiacha mayai nane kwenye kiota umemwandikia barua ya mwaliko.

Vifaranga wakitoka shida inahama, wiki ya tatu mpaka ya sita hapo angalia kinyesi chenye damu, hiyo ni koksidia, inapenda pumba mbichi zilizolowana, dawa yake ipo kweli, Amprolium kwenye maji kwa siku zilizoandikwa kwenye pakiti na sakafu ikauke. Na mvua zikianza mbu wanaleta ndui, vile vipele vya kwenye upanga na macho, nayo ni virusi, chanjo yake inachomwa kwenye ngozi ya bawa, waliokwisha kupata osha vidonda tu na usibandue magamba. Ukiwapa dawa yoyote soma siku za kusubiri kabla ya kula mayai, watu wengi hawasomi.

Katika wale saba mmoja alibaki na shingo imepinda, kichwa kinaangalia juu kushoto. Akitaka kudonoa punje anakosa mara mbili, mara ya tatu anaipata. Mume wangu alisema tumchinje nikakataa sijui kwanini. Wiki iliyopita kaanza kukaa kwenye kona, kafutuka, hatoki. Moyo ukanipasuka. Nikaenda na yai langu nikaliweka mbele ya kifua. Akashusha mdomo, akakosa, likabingirika. Akashusha tena akakosa. Mara ya tatu akalivuta.

Nimempa mayai nane, kumi naona ni mengi kwa shingo ile.