Boksi la diski mbili linatosha kuwa bakapu ya duka?

Ndugu wa Kikuubo, umeuliza kama boksi la NAS (hifadhi ya faili inayounganishwa kwenye mtandao wa ofisi) lenye diski mbili zinazoandika kitu kilekile linatosha kulinda hesabu za duka la jumla, au ulipie wingu, yaani hifadhi ya mtandaoni, uachane na diski. Mimi kazi yangu ni kuhudumia kompyuta za ofisi hapa Kampala, nakujibu kwa niliyoyaona.

Boksi nunua. Ila RAID 1, yaani huko kuandika kitu kilekile kwenye diski mbili, si bakapu, yaani nakala ya akiba. Inakufaa diski moja ikifa, basi. Karani akifuta daftari la wadeni, linafutika kote kwa mpigo mmoja.

Virusi vya kudai fidia (ransomware), vinavyofunga faili zako kisha vikadai pesa, ndivyo vibaya zaidi. Niliitwa kwa wachapaji fulani Nasser Road. Bakapu walikuwa nayo, diski ya nje, lakini haikuwahi kuchomolewa kwenye seva. Virusi vilipomaliza seva vikahamia humo: kila faili limeongezewa mkia wa ajabu, na barua ya kudai bitcoin iko kwenye kila folda. Kilichowaokoa ni diski ambayo mhasibu alikuwa ameifungia kabatini kwake nyumbani baada ya kufunga mwaka.

Kwa hiyo ongeza diski mbili za nje, uzipokezane kila wiki: moja dukani, nyingine mbali na jengo hilo. Zifunge kwa nywila, maana diski inayosafiri kwa boda inaweza kuibwa, na majina ya wateja wako yanalindwa na sheria ya data ya 2019. Akaunti inayoandika bakapu kwenye NAS iwe yake peke yake, si ile unayofungulia kompyuta kila asubuhi.

Wingu sikukatazi, ila piga hesabu. Terabaiti 1 kwa laini ya megabiti 10 kwa sekunde ni zaidi ya siku 9. Kwa diski ya nje ya USB 3 ni saa mbili tatu. Na Januari 2021 intaneti ilipozimwa nchi nzima wakati wa uchaguzi, aliyetegemea wingu peke yake angerudisha data zake kutoka wapi? Kwenye wingu peleka hifadhidata ya uhasibu tu, usiku.

Kama unatumia programu ya uhasibu kama Tally au QuickBooks, usinakili faili programu ikiwa wazi. Tumia amri yake yenyewe ya bakapu. Kisha mara moja kwa mwezi irudishe kwenye kompyuta nyingine, ufungue ankara ya jana uone kama ipo. Wengi wanaishia kuangalia taa ya kijani. Diski ya kufunga mwaka usiifute: sheria ya kodi inataka kumbukumbu za miaka mitano.

Na UPS, ile betri ya akiba ya umeme, ikija na waya wa USB, uchomeke kwenye NAS ili ijizime yenyewe umeme ukikatika. Kila ofisi ninayoingia, waya huo bado uko kwenye katoni.