Unataka kazi ya kupambana na mbu? Anzia kwa mtungi wa maji

Vijana wengi wananiuliza mtu anaingia aje kwa hii kazi ya kuzuia magonjwa ya wadudu, na karibu wote wanaanza hivi: lakini mimi niko Nairobi, huku hakuna malaria, nitajifunzia wapi? Ni kweli huku juu, karibu mita 1,700, baridi inachelewesha vimelea kukomaa ndani ya mbu, na wengi wanaougua hapa wametoka nayo safari ya ziwani ama Pwani. Lakini mbu si tunao? Na kumjua mbu ndiyo kazi yenyewe.

Chukua bakuli jeupe, chota maji polepole pembeni mwa mtaro ama kwa dramu ya ploti, halafu tulia mpaka maji yatulie. Viluwiluwi vya mbu vikipanda juu angalia vinakaa aje. Kikining'inia kichwa chini, kinapumua na kamrija ka mkiani, huyo si wa malaria. Kikilala sambamba na maji kama kijiti, huyo ni Anopheles, mbu wa malaria. Mimi nilikuwa na digrii na sikujua hiyo, nilikuja kuonyeshwa Ahero kando ya mashamba ya mpunga, na mama mmoja fundi wa maabara ambaye hakumaliza sekondari, alichota maji kwa alama ya kwato ya ng'ombe akaniambia "angalia, usiongee." Nilimheshimu siku hiyo na bado namheshimu.

Na usidharau hizo dramu za mtaani. Mwaka 2022 Anopheles stephensi, mbu wa malaria wa kutoka Asia, alipatikana Marsabit, na huyu anataga kwa matangi na mitungi, anapenda miji. Kijana wa mtaani anayejua kuchungulia tangi atahitajika sana.

Tena kazi si mbu peke yake. Baringo na Turkana kuna kala-azar, ugonjwa wa kuvimba wengu, inaletwa na kainzi kadogo ka manyoya kanakojificha kwa vichuguu na nyufa za kuta. Na malale, mwaka 2025 WHO, Shirika la Afya Duniani, ilithibitisha Kenya imeyamaliza kama tatizo la afya ya umma, na nyuma ya hiyo habari kuna watu waliozunguka vichakani miaka mingi wakisimamisha mitego ya kitambaa cha buluu na nyeusi ya kunasa mbung'o. Hao ndio ningetaka uwaige.

Sasa pesa. Kazi nyingi ni za mradi, za kontrakti, na mradi mmoja niliofanya uliisha na mishahara yetu ya miezi miwili ikapotea hivyo hivyo, nilikuwa na mtoto mchanga na iliniuma sana. Soma kontrakti yote kabla ya kusaini. Jifunze pia kupanga data na kuchora ramani, hiyo ndiyo iliniokoa mradi ulipokufa.

Atachimenti omba mapema, icipe, kituo cha utafiti wa wadudu pale Kasarani, wako na wadudu tangu 1970, na KEMRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa tiba, pia jaribu. Ukipelekwa kijijini asubuhi kukamata mbu ndani ya nyumba, piga hodi ungoje, msalimie mwenye nyumba vizuri, mweleze unatafuta nini chini ya kitanda chake, na matokeo yakitoka rudi umwambie. Wengi huwa hawarudi, na mwaka unaofuata wanashangaa mlango haufunguliwi.